Kanga Zetu: Ni Nani Aliyezichora?

Kuna neno ambalo siku hizi lasemwa sana, tena lasemwa hata na watu waliosoma: kwamba kanga, au leso kama inavyoitwa Mombasa na Lamu, kwa hakika si nguo yetu. Husema: pamba yake haikulimwa kwetu, uzi wake haukusokotwa kwetu, na nakshi zake zilichapwa Uholanzi na Uingereza, kisha Japani, na leo Bara Hindi na Uchina. Basi huuliza: sisi watu wa pwani tuna nini katika kanga, isipokuwa kutoa fedha na kujifunga kiunoni?

Swali hili halifai kupuuzwa. Mtu akiambiwa kwamba hana sehemu katika jambo, huwa ameambiwa mambo mawili kwa pamoja: kwamba hana sifa juu ya jambo hilo, na kwamba hana lawama. La kwanza hutuudhi, lakini la pili hutupendeza mno. Likitokea neno chafu juu ya kanga twasema, "Wameandika wenye viwanda." Ikitokea picha isiyofaa twasema, "Wamechora Wahindi." Hivyo twaitupa heshima yetu ili tupate kuitupa na dhamana yetu.

Nia ya makala haya ni kuitazama historia ya nakshi za kanga na kutafuta jibu la swali moja tu: ni nani aliyezichora?

KANGA ILIVYOPANGWA

Kwanza tuitazame nguo yenyewe, maana kitu tunachokiona kila siku ndicho tusichokitazama. Kanga moja ina urefu wa kama mita moja na nusu na upana wa zaidi kidogo ya mita moja. Huuzwa mbili mbili, na mbili hizo ndizo doti. Kila kanga ina sehemu tatu zenye majina yake. Kuna pindo, ambalo ni ukingo wa nakshi unaozunguka pande zote nne. Kuna mji, ambao ni uwanja wa katikati. Na kuna jina, yaani maneno yanayoandikwa ndani ya kisanduku chembamba upande wa chini wa mji.

Mpango huu haukuja kwa bahati. Mwanamke akijitanda, pindo ndilo linaloupakana uso wake. Akijifunga, jina hukaa nyuma, mahali ambapo anayemfuata njiani ataliona kabla hajamwona yeye usoni. Akiikunja kanga mara mbili kubebea mtoto, pindo la juu humshika mtoto mabegani na mji humlala mgongoni. Aliyeipanga nguo hii alijua itakavyovaliwa, nusu kwa nusu na kunjo kwa kunjo.

Na kazi ya kuchora nguo ya namna hii ni ngumu kuliko inavyodhaniwa. Mchoraji wa kitambaa cha jora, kile cha kukata kwa yadi, ana shughuli moja kubwa: pale kipande cha nakshi kinapokwisha na kurudiwa, jicho lisione kiungo. Nakshi yake haina mwanzo wala mwisho, nayo yafaa sana kwa mashine ya rola, ile ambayo Mskochi Thomas Bell alipewa hati yake mwaka 1783. Rola ya shaba iliyochongwa huzunguka juu ya kitambaa, na kila mzunguko huacha nakshi ile ile. Lakini kanga ina mwanzo na ina mwisho. Pindo lake lazima lipinde kona nne, na kila kona lazima ua liishe zima, lisikatike nusu. Kwa hiyo mchoraji wa kanga hana budi kuhesabu: maua mangapi upande mrefu, mangapi upande mfupi, na lipi litakalokaa pembeni. Asipohesabu, pindo huharibika, na mwanamke wa pwani huliona kosa hilo kabla muuza duka hajamaliza kuikunjua doti.

Jicho hilo alilitoa wapi?

KABLA YA KANGA

Pwani yetu haikungoja karne ya 19 ijue nguo wala nakshi. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikuta mji unaofuma nguo zilizojulikana kwa jina la mji wenyewe, na aliandika kwamba nguo hizo zilipelekwa mpaka Misri na kwingineko. Huko Kilwa, wachimbaji wa mambo ya kale wamefukua vigurudumu vidogo vya udongo vilivyotumika kusokotea uzi wa pamba. Wareno walipokuja katika karne ya 16 waliandika juu ya nguo za hariri zilizofumwa Pate, nao walizitafuta kwa biashara yao.

Tena kuna habari moja ya Sofala iliyoandikwa na Mreno Duarte Barbosa mwanzoni mwa karne hiyo, nayo yafaa izingatiwe. Waislamu wa Sofala walifuma nguo nyeupe za pamba, lakini hawakuwa na namna ya kutia rangi. Wakachukua nguo za buluu zilizoletwa kutoka Cambay, katika Gujarati, wakazifumua uzi mmoja mmoja, kisha wakaufuma uzi ule upya pamoja na uzi wao mweupe, hata wakapata nguo yenye rangi waliyoitaka wao.

Watu hawa walikuwa na nguo ya kigeni mkononi, nzima, yenye rangi nzuri. Wangeweza kuivaa kama ilivyo. Lakini walichukua rangi, wakauacha mpango wa mgeni, na wakaupanga wenyewe. Mwendo huu ndio tutakaouona tena miaka mia tatu na zaidi baadaye katika kanga.

Na si katika nguo peke yake. Mwanamke anayesuka ukili wa mkeka huhesabu nyaa zake, hii ya rangi na hii nyeupe, ili ukili wa kwanza na wa pili zikishonwa pamoja nakshi ikutane. Anayeshona kofia ya viua huhesabu matundu kwa sindano. Mafundi wa Lamu walichonga chokaa katika zidaka za nyumba za mawe, safu juu ya safu, na mafundi wa milango waliizungusha minyororo, mawaridi na mayungiyungi katika mihimili. Pindo na mji vilikuwako katika mlango na katika msala kabla havijaingia katika kanga. Jicho la kuhesabu lilikuwa tayari limefunzwa nyumbani.

MERIKANI, KANIKI NA LESO

Mwaka 1833 Sayyid Said alifunga mkataba wa biashara na Marekani, na kuanzia 1837 Wamarekani walikuwa na balozi wao mdogo Unguja. Majahazi ya Salem, katika jimbo la Massachusetts, yalileta kitambaa cheupe kigumu cha pamba, nacho watu wetu wakakiita merikani, jina ambalo halijafa mpaka leo. Pamoja nacho kilikuwako kitambaa kilichotiwa nili hata kikawa karibu na cheusi, nacho ni kaniki. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Marekani mwaka 1861 vikaendelea hadi 1865, pamba ikaadimika, na nafasi ya Wamarekani ikaanza kuchukuliwa na nguo za Manchester na za Bombay.

Merikani na kaniki zilikuwa nguo za kila mtu, lakini hasa zilikuwa nguo za watumwa na mafukara. Hili lazima lisemwe wazi, kwa kuwa historia ya nakshi kwetu imefungamana na historia ya utumwa. Mtumwa hakuchagua nguo yake. Alivaa alichopewa, nacho kilikuwa kitupu, hakina nakshi.

Katika miaka ya 1870 ndipo wanawake wa Unguja na miji jirani walipoanza jambo jipya. Sokoni palikuwa na leso za kichwani na za mkononi, za mraba, zenye rangi na zenye ukingo pande zote. Jina lenyewe tulilipata kwa Wareno. Leso hizo zilikuja katika jora, zimeshikana, bado hazijakatwa moja moja. Wanawake wakanunua sita, wakazikata tatu tatu, wakazishona ubavu kwa ubavu, ikapatikana nguo moja kubwa ya kujifunga. Hii ndiyo leso ya kushona.

Hapakuwa na mzungu wala mfanyabiashara aliyewafundisha. Na matokeo yake yanaonekana mpaka leo. Leso ile ndogo ilikuwa na ukingo na uwanja wa katikati, kwa sababu ndivyo leso zilivyo. Wafanyabiashara walipoona kwamba wanawake wanashona sita kupata moja, waliagiza nguo moja nzima ya ukubwa ule, na ukingo ukakua ukawa pindo, na uwanja ukakua ukawa mji. Katika mwongo mmoja tu, baina ya miaka ya kati ya 1870 na miaka ya kati ya 1880, kanga ikawa imepata umbo lake. Jina la kanga lenyewe, yasemwa, lilitokana na ndege kanga, kwa vile nakshi za mwanzo zilikuwa na madoadoa meupe juu ya weusi kama manyoya yake.

NAKSHI IKIVUKA BAHARI

Sasa twafika kwenye hoja ya wale wanaosema kanga si yetu. Ni kweli, nguo hizi zilichapwa ng'ambo. Viwanda vya Uholanzi, katika miji ya Helmond, Leiden na Haarlem, vilikuwa miongoni mwa vile vya mbele kabisa, na Waingereza nao walikuwamo. Lakini je, mchoraji aliyeketi Helmond, ambaye hajapata kumwona mwanamke aliyejitanda, alijuaje nini achore?

Aliambiwa. Mwenye duka wa Unguja au wa Mombasa, mara nyingi Mhindi, alikaa barazani akiangalia kipi kinachokimbiliwa na kipi kinachoachwa. Alisikiliza wanawake wanavyosema: pindo hili pana mno, wekundu huu umefifia, ua hili tumelichoka. Habari hizo zilipelekwa kwa makampuni ya Kizungu yaliyokuwa na ofisi Unguja, pamoja na vipande vya mfano na michoro, nazo zikavuka bahari kwa meli. Mfereji wa Suez ulifunguliwa mwaka 1869, nao ulikuwa umeifupisha njia. Hata hivyo baina ya agizo na nguo kufika miezi mingi ilipita.

Na hapo ndipo wafanyabiashara walipochomeka. Wanawake wa Unguja walibadilisha mtindo upesi. Shehena ikichelewa, nakshi iliyokuwa ikigombewa wakati wa kuagizwa huwa imekwisha kupitwa, na mali yote huuzwa kwa hasara. Wazungu waliozitembelea pwani zetu siku hizo waliandika kwa mshangao jinsi mtindo wa kanga ulivyogeuka kwa haraka. Matajiri wa Ulaya, wenye mashine na meli, walikuwa wakingojea hukumu ya wanawake wa Ng'ambo na Malindi ya Unguja.

Basi ni nani mchoraji? Mkono ulioshika kalamu ulikuwa wa Mholanzi. Lakini kalamu iliyochora kisichotakiwa ilitia hasara, na iliyochora kinachotakiwa ilirudia. Nakshi ziliendelea kuishi au kufa kwa neno la mwanamke wa pwani. Mwenye kuchagua ndiye aliyekuwa mchoraji wa kweli, kama alivyokuwa mfumaji wa Sofala aliyeufumua uzi wa Cambay.

Tazama mfano wa kisutu, kanga ya arusi, ya rangi tatu: nyekundu, nyeusi na nyeupe. Rangi hizi zina asili ya kazi ya zamani ya Bara Hindi. Huko Kutch na Sindh, mafundi Waislamu wa jamaa ya Khatri huchapa nguo kwa mihuri ya mbao. Muhuri hauchapi rangi, bali huchapa dawa ya kuishika rangi: shabu mahali pamoja, maji ya chuma mahali pengine. Nguo ikichemshwa na mzizi wa rangi nyekundu, penye shabu huwa pekundu, penye chuma huwa peusi, na pasipoguswa hubaki peupe. Mwaka 1868 wanakemia wa Kijerumani Graebe na Liebermann waliweza kuitengeneza rangi ya mzizi huo bila ya mzizi wenyewe, na viwanda vya Ulaya vikapata wekundu rahisi na usiochuja upesi. Kiwanda kilibadilika, dawa ikabadilika, na nchi ikabadilika mara kadha wa kadha. Lakini kisutu hakikubadilika, kwa sababu biharusi wa pwani hakukubali kibadilike. Kadhalika nakshi ya korosho, ambayo asili yake ni Uajemi na Bara Hindi: sisi tuliitazama, tukaona mbegu ya mti wetu, tukaiita kwa jina letu, na hivyo ndivyo tunavyoiagiza mpaka leo.

KUCHAGUA NI UHURU

Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed alitia saini amri ya kuondoa hadhi ya utumwa Unguja na Pemba. Katika pwani ya Kenya jambo hilo lilifanyika 1907, na Tanganyika 1922. Haki haikupatikana kwa siku moja, wala maisha hayakuwa mepesi. Lakini kuna jambo moja ambalo mwanamke aliyetoka utumwani aliweza kulifanya kwa mkono wake mwenyewe: aliivua kaniki, akaenda dukani na senti zake, akachagua kanga.

Tuyapime maneno hayo: akachagua. Jana alikuwa akivishwa, na leo anasimama mbele ya mwenye duka anakataa hii na kuitaka ile. Pindo la kanga mabegani mwake lilisema kwamba yeye si mali ya mtu. Ndiyo maana anayesema kwamba watu wetu hawakufanya lolote ila kununua, hajui kununua kulikuwa na maana gani kwa mtu ambaye yeye mwenyewe alipata kununuliwa.

NENO JUU YA NGUO

Kanga za mwanzo hazikuwa na jina. Maneno yaliingia baadaye, kwanza kwa Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, kisha katika karne ya 20 kwa herufi za Kilatini. Mombasa wengi huyahusisha maneno hayo na duka la Kaderdina Hajee Essak, lililoanzishwa mwaka 1887 na kujulikana kwa alama yake ya "Mali ya Abdulla".

Kuandika juu ya nguo si jambo geni katika Uislamu. Zama za Bani Umayya na Bani Abbas kulikuwa na karakana za serikali zilizofuma tirazi, nguo zenye maandishi ukingoni: jina la khalifa, dua, pengine na mahali ilipofumwa na mwaka. Ibn Khaldun aliiandikia habari ya tirazi katika Mukadima yake, akaihesabu miongoni mwa alama za ufalme. Khalifa alimtunukia mtu nguo hiyo, na aliyeivaa alilibeba jina la mfalme.

Tofauti na kanga ni kubwa, nayo ni ya kuzingatiwa. Juu ya tirazi alisema mfalme. Juu ya kanga husema mke, mama, jirani. Asiye na jukwaa wala gazeti alipewa mstari mmoja, naye akautumia. Mama humwasa bintiye, "Subira ni ufunguo wa faraji." Mwingine hukumbusha, "Akiba haiozi." Mengi ya maneno hayo ni methali na hekima ambazo lau zisingeandikwa kangani huenda vijana wasingezijua.

Lakini ulimi ni ulimi hata ukiwa wa pamba. Mstari ule ule umetumika kumsengenya jirani, kumsimanga mke mwenza, kumvunjia heshima mkwe. Mtu huinunua doti si kwa pindo lake wala rangi yake, bali kwa sumu yake, akapita nayo mlangoni mwa mwenzake mara tatu kwa siku. Akiulizwa husema, "Mimi sikusema kitu." Kweli, hakusema. Alichagua. Na kama tulivyokwisha kuona, mwenye kuchagua ndiye mchoraji. Hawezi mtu kudai sifa ya kisutu akaikana fitina ya fumbo lake. Ghiba iliyochapwa kwa rangi mbili hukaa zaidi kuliko iliyonong'onwa, maana hufuliwa na kuanikwa hadharani.

NAKSHI NYUMBANI

Nakshi haiishii mwilini. Kanga huwa pazia la mlango, huwa shuka, huwa foronya ya mto, huwa kitambaa cha meza siku ya wageni. Kwa hiyo yafaa tukumbuke visa viwili mashuhuri walivyovipokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Bibi Aisha (R.A.).

Katika kisa cha kwanza, Bwana Mtume (S.A.W.) alisali na juu yake nguo iliyokuwa na alama za nakshi, aliyoipata kwa Abu Jahm. Jicho lake liliziangukia zile alama. Alipomaliza aliagiza nguo ile irudishwe kwa Abu Jahm na aletewe nguo yake nyingine isiyo na nakshi, kwa kuwa ile ilimshughulisha katika sala. Hakuichana, wala hakumkataza Abu Jahm kuwa nayo. Na kwa kutaka nyingine mahali pake, wanavyuoni wanasema, alimhifadhi mwenzake asivunjike moyo.

Katika kisa cha pili, Bwana Mtume alirejea safarini akakuta Bibi Aisha ametundika pazia lenye picha. Akachukizwa nalo, akalichana. Bibi Aisha akakitumia kitambaa kile kwa mto mmoja au miwili.

Wanavyuoni wamekhitilafiana katika tafsili za mambo haya, na wengi wamezikataza picha za vyenye roho. Makala haya hayakuja kutoa fatuwa. Lakini kila mwenye nyumba aweza kuona funzo lililo wazi: nakshi ina mahali pake. Iliyofaa begani yaweza isifae mbele ya mwenye kusali, na iliyotundikwa ukutani ikatukuzwa yaweza kukatwa ikawa ya kuegemea. Wazee wetu walilijua hili. Ndiyo sababu zidaka na milango yao ilijaa majani, minyororo na mawaridi. Leo twaona kanga na mapazia yenye sura za viongozi, waimbaji na wanyama, na mtu huyatundika upande wa kibla bila ya kufikiri. Mchapaji hakuingia nyumbani mwake kuyatundika.

HALI YA LEO

Baada ya Vita Vikuu vya Pili, Japani ilikuwa imeshika sehemu kubwa ya soko la kanga. Kisha zikaja nchi huru na viwanda vyake. Mwaka 1968 kiwanda cha Urafiki kilifunguliwa Dar es Salaam kwa msaada wa Uchina, na Mwanza kukawa na Mwatex. Kenya nayo ikawa na Rivatex huko Eldoret. Kwa miaka kadhaa kanga ilipandwa, ikafumwa, ikachorwa na kuchapwa katika nchi zetu wenyewe, na wachoraji wakawa vijana wetu. Lakini kuanzia mwisho wa miaka ya 1980, masoko yalipofunguliwa na nguo za nje na mitumba kufurika, viwanda vingi vilidhoofika na vingine vikafunga milango. Kanga nyingi zikarudi kuchapwa Bara Hindi, na baadaye Uchina pia.

Siku hizi nakshi huchorwa kwa kompyuta. Kazi iliyochukua miezi kwa meli huchukua siku chache. Mwenye duka hupiga picha ya kanga ya mwenzake, akaituma ng'ambo, na kabla ya mwezi haujaisha nakshi ile ile imejaa sokoni, juu ya kitambaa cha polista kisichonyonya jasho, pindo limekatika konani na neno limekosewa herufi. Tena baadhi yake huwa fupi kuliko kanga ipasavyo, shibiri nzima imeibiwa mnunuzi. Hii ni ghushi, na anayesoma Suratul Mutaffifin anajua adhabu aliyoahidiwa anayepunja kipimo.

Je, tuwalaumu wachapaji? Wana sehemu yao. Lakini bibi zetu walikuwa na silaha moja tu, nayo iliwashinda matajiri wa Ulaya: walijua kutazama, na walijua kukataa. Kanga yenye pindo bovu ilibaki dukani mpaka mwenye nayo akajuta. Leo mnunuzi hufungua doti akatazama rangi, akalipa, akaenda zake. Hakufundishwa kuhesabu maua ya pindo, wala kuisoma kona, wala kuipima nguo kwa mkono wake. Kiwanda kilichohama kina mwenye kukirudisha akipata mtaji. Jicho likipotea, mtaji haulirudishi.

Kwa hiyo kina mama, wafundisheni mabinti zenu. Binti anapokunja kanga mpya, mwambieni aitazame kona nne, aisome jina lake kwa sauti, na ajiulize kama angekubali kulisema neno lile kwa kinywa chake mbele ya mtu anayemkusudia. Akiona pindo halikukutana, airudishe. Akiona neno lina maudhi, aiache. Nanyi wenye maduka, mnaoagiza maneno na nakshi, jueni kwamba mwaandika juu ya miili ya watu na ndani ya nyumba zao. Na nakshi ya mwenzako, aliyoilipia fundi wake, si halali yako kwa sababu tu simu yako ina kamera.

Basi yule anayeuliza ni nani aliyezichora kanga, jibu lake ni hili: walizichora waliozichagua, na waliozichagua ni sisi. Sifa yake ni yetu, na hisabu yake ni juu yetu. Mwenyezi Mungu atujaalie macho ya kupambanua chema na kibaya, na atupe nguo ya taqwa, ambayo ndiyo bora ya nguo zote. Amin.